Macho ya murti kwanza: namna ya kurusha aarti mubashara kutoka Malindi

Fundi wa video aliyezoea harusi za hapa Malindi, siku akiitwa kurusha mubashara sikukuu ya Kihindu kama Navaratri au Diwali, kwa kawaida hurusha harusi. Kamera inazunguka ukumbini, inawavuta karibu waliopendeza, inarudi kwa wapiga dholi, inamalizia kwenye meza ya vitafunio. Kesho yake simu zinaingia kutoka Mombasa, Leicester ya Uingereza na Rajkot ya India, na lalama ni moja: mbona Mata hatukumwona? Ameonyeshwa kila mtu isipokuwa mwenye shughuli, yule Mungu Mama mwenyewe.

Mwongozo huu ni wa fundi huyo. Ni wa vijana wa jumuiya wenyewe pia, ambao simu nzuri wanazo lakini kazi huwatoka mikononi pale kengele ya aarti, ibada ya kuzungusha taa mbele ya mungu, inapolia.

Kwanza tusichanganye watu. Mhindi na Mhindu ni wawili. Wahindi wengi wa mwambao ni Waislamu: Mabohora, Maithnaasheri, Maismailia. Mhindu ni yule wazee wetu waliyemwita Banyani, na kwa huku aghalabu asili yake ni Gujarat. Salamu yake ni "Jai Shri Krishna", na kwa wafuasi wa Swaminarayan ni "Jai Swaminarayan". "Namaste" haikosei popote. Pujari, kuhani wa hekalu, muite Maharaj. Mama mtu mzima muite kwa jina lake ukiongeza "ben", bibi mzee ni "Ba", na mwanamume ni "bhai" baada ya jina. Ukiyajua hayo, nusu ya milango imefunguka.

Kwa nini skrini inavuliwa viatu

Mhindu haendi hekaluni kusikiliza hotuba. Anakwenda kupata darshani, yaani kumwona mungu na kuonwa naye, macho kwa macho. Ndiyo maana murti mpya, yaani sanamu ya ibada, siku ya kutiwa uhai, hufunguliwa macho kwa ibada ya peke yake. Kabla ya hapo ni jiwe lililochongwa vizuri, basi. Na darshani haikomei kwenye jiwe. Picha nayo yaweza kuibeba. Mwaka 1894 mchoraji Raja Ravi Varma alianzisha kiwanda cha kuchapa picha za miungu kwa rangi, na tangu hapo Lakshmi na Saraswati wakaingia kwenye nyumba za watu ambao hawakuwa na uwezo wa kununua murti. Kalenda ya ukutani yenye Ganesha, ile inayotolewa bure dukani mwisho wa mwaka, ni mjukuu wa kiwanda hicho. Mwaka ukiisha wenyewe huona uzito kuitupa jaani.

Filamu ikafuata. Dhundiraj Phalke alitoa filamu ya kwanza ndefu ya India mwaka 1913, na hadithi yake ilikuwa ya kidini. Mwaka 1975 filamu ya bajeti ndogo juu ya Santoshi Maa, mungu wa kike ambaye wengi hawakuwa wakimjua, ilieneza saumu yake ya Ijumaa nchi nzima, na sinema zikawa mahali pa kuvua viatu. Kisha tarehe 25 Januari 1987 televisheni ya taifa, Doordarshan, ikaanza kuonyesha tamthilia ya Ramayan ya Ramanand Sagar kila Jumapili asubuhi, hadi tarehe 31 Julai 1988. Watu walioga kabla ya kutazama, wakaivisha televisheni shada la maua, wakawasha udi mbele yake. Waigizaji wa Rama na Sita wakawa wanaguswa miguu barabarani. Janga la korona lilipofunga mahekalu mwaka 2020, Doordarshan ilirudisha mfululizo ule ule kuanzia tarehe 28 Machi, na mahekalu makubwa yakawa yanarusha darshani kwenye simu kila siku.

Malindi yenyewe ina ushahidi wake, tena mkongwe. Aprili 1498 msafara wa Vasco da Gama ulikuta bandarini hapa merikebu nne za Wahindi. Wareno waliwadhania Wakristo. Inaelekea walikuwa Wahindu, kwani kitabu cha safari kinaandika kwamba nyama ya ng'ombe hawakula. Walipopanda merikebu ya Paulo da Gama na kuonyeshwa picha ya Mariamu chini ya msalaba, walisujudu, na muda wote Wareno walipokuwapo wakawa wanakuja kuomba mbele yake wakileta karafuu na pilipili. Picha ilikuwa ya dini ya watu wengine, lakini ilikuwa na uso na macho, na hayo yalitosha.

Basi mtazamaji wako wa Leicester amekaa sebuleni, amevua viatu, amefunga viganja. Kila uamuzi utakaoufanya na waya zako upime kwa swali moja: je, anayaona macho?

Siku mbili kabla

Nenda kwa Maharaj na maswali matatu. La kwanza: murti inaruhusiwa kupigwa picha? Usidhani. Haveli, mahekalu ya madhehebu ya Pushtimarg, kwa desturi hazikubali kabisa. Tirumala, hekalu kubwa la India kusini, lina televisheni yake lenyewe, lakini murti kuu ya ndani haionyeshwi. Kinachorushwa ni murti za maandamano na sherehe. Ukiambiwa hapana, rusha bhajani (nyimbo za ibada) na watu, na mbele weka picha iliyochapwa ambayo wenyewe wameichagua. La pili: pazia linafungwa saa ngapi? Mungu akiletewa chakula pazia hufungwa, akivishwa hufungwa, na mchana hulala. Majaribio yako yafanye asubuhi, kabla ya chakula cha mchana cha murti, maana ukifika saa saba na vyuma vyako utakuta kufuli. La tatu: wakati wa aarti nani anasimama wapi? Maharaj akisimama katikati, mgongo wake ndio utakaokwenda London. Muombe asogee hatua moja kuume. Wengi hukubali wakielezwa sababu.

Mgeni ni kuku mweupe, kwa hiyo adabu ya mahali usiibahatishe. Viatu nje. Mkanda wa ngozi na mkoba wa ngozi viache garini. Mkoba uliobeba sambusa za nyama asubuhi usiingie hata ukiukung'uta; chukua mwingine. Usiruke sahani ya prasadi, chakula kilichobarikiwa, usinyooshe miguu kuelekea murti, usipande madhabahu kurekebisha taa. Watu huizunguka murti wakiiacha mkono wa kuume, na njia hiyo isiwe na stendi wala waya. Waya upite kando ya ukuta ukiwa umebandikwa kwa gundi ya kitambaa, na ukilazimika kukata njia, ukate mlangoni kwa mstari ulionyooka. Sakafu ya vigae yenye matone ya samli inateleza kuliko ngazi za jeti siku ya mvua. Soksi zivue pia.

Tarehe ya tangazo

Hapa ndipo watu huaibika kabla kamera haijawashwa. Siku za Kihindu huhesabiwa kwa tithi, yaani siku ya mwezi mwandamo, na tithi haianzi usiku wa manane. Huanza na kuisha saa yoyote, na kwa sikukuu nyingi siku inayohesabiwa ni ile ambayo tithi yake ipo jua linapochomoza mahali ulipo. India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Tuseme Ekadashi, tithi ya kumi na moja ambayo ni ya saumu, inaisha saa moja asubuhi ya India. Kule jua limeshatoka, siku imehesabiwa. Hapa kwetu ni saa kumi na nusu alfajiri, giza tupu; jua la Malindi likichomoza Ekadashi imeshakwenda zake, na saumu huenda ikawa ni ya jana yake. Kwa hiyo usinakili tarehe kutoka kwenye bango lililotengenezwa Ahmedabad, India. Programu ya panchang, kalenda ya Kihindu, kwenye simu iwekee Malindi, au Mombasa kama Malindi haimo, kisha umuulize Maharaj. Sikukuu nyingine hupimwa kwa usiku au kwa jioni, na yeye ndiye anayejua ni ipi.

Saa nazo ziandike za mahali pote patatu: Malindi, India na London. Aarti ya saa moja na nusu usiku Malindi ni saa nne kamili usiku India. London, wakati wa majira yao ya joto hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, ni saa kumi na moja na nusu jioni. Baada ya hapo ni saa kumi na nusu. Navaratri kwa kawaida huangukia kabla ya saa zao kubadilika, lakini Diwali yaweza kuangukia upande wowote.

Angalia pia adhana ya Isha, ambayo hapa huangukia humo humo kati ya saa moja na saa mbili. Kama msikiti uko karibu, aarti ama imalizike kabla, ama ianze baada yake. Maiki zitaiokota adhana hata ukitaka usitake, na spika zako zitawasumbua wanaoswali. Dakika kumi na tano za subira ni bure.

Kamera ikae wapi

Kamera moja haiondoki kwenye murti. Hii isijadiliwe. Ikiwa unayo moja tu, basi ndiyo hiyo. Ya pili ndiyo ya watu.

Urefu wa lenzi ulingane na macho ya murti. Murti ya marumaru ya sentimita 75 juu ya jukwaa la mita moja ina macho karibu mita 1.65 kutoka sakafuni. Stendi nyingi za simu huishia mita 1.5, kwa hiyo tafuta stendi ya taa ya mita 2. Ukipiga kutoka juu unamtazama mungu utosini, na wenyewe hawatapenda. Kaa mita 3 au 4 mbele, umesogea kando ya mstari wa katikati kama sentimita 40. Tumia lenzi ya kawaida ya simu au ile ya mara 2. Ile pana inayomeza ukumbi mzima hufanya pua kuwa kubwa na nyuso za pembeni zilegee.

Fremu ianze chini ya miguu na ipite juu ya taji kwa kiganja kimoja. Miguu ni muhimu kama macho, kwani wengi huanza darshani yao hapo, wakapanda hadi usoni. Fundi wa harusi akiweka utepe wa maandishi chini ya skrini, jina la kampuni yake linakaa juu ya miguu ya Krishna. Maandishi yote yapeleke pembe ya juu kushoto, madogo, na wakati wa aarti yaondoe.

Sasa mwanga, na hapa ndipo kazi huharibika. Simu ikiachwa ijiamulie, taa ya aarti yenye tambi tano inapopita mbele ya uso, simu huona mwale mkali na kulitia giza kila kitu kingine. Taa ikishuka, uso unarudi. Inapanda, uso unazama. Aarti nzima ya dakika saba inakuwa kama mtu anayefungua na kufunga dirisha. Dawa yake: kabla ya kuanza, bonyeza uso wa murti kwenye skrini na ushikilie mpaka alama ya kufunga mwanga na fokasi itokee, kisha punguza mwanga kidogo, kati ya 0.3 na 0.7. Mwale wa taa utaungua uwe mweupe, uache uungue. Fokasi nayo ifungwe, kwani moshi wa udi na kafuri huivuta simu ikaanza kutafuta-tafuta hewani.

Rangi pia ifunge. Pazia la zafarani linapofunguka, simu hudhani mwanga umekuwa mwekundu mno, ikaupoza, na marumaru nyeupe ya Radha inageuka samawati. Weka kipimo cha Kelvini 4500, ujaribu pazia likiwa wazi na likiwa limefungwa, usikiguse tena.

Stima yetu ni ya Hz 50. Simu au kamera iliyowekwa kwa desturi ya Marekani, Hz 60, itapiga mistari inayotambaa chini ya taa za LED. Chagua fremu 25 kwa sekunde na shata ya 1/50. Vile vitaa vya Diwali vinavyometameta viweke kwenye hali ya kutulia, angalau vile vilivyo nyuma ya murti. Ongeza taa moja ya LED ya wati 40 hivi kutoka pembeni, imefunikwa kitambaa cheupe, ili macho yapate nukta ndogo ya nuru. Nukta hiyo ndiyo inayoyafanya yaonekane yanatazama. Bila hiyo ni mashimo mawili meusi.

Na lenzi ikitoka chumba chenye kiyoyozi ikaingia kwenye ukumbi wenye joto la pwani, inatoa jasho. Iache ndani ya mkoba uliofungwa kwa dakika 30 ukumbini kabla ya kuitoa. Kuipangusa hakusaidii, inajaa tena.

Sauti

Kengele, upatu, dholi na kombe la baharini linalopulizwa, vyote katika chumba cha vigae, halafu mzee mmoja anasoma mantra kwa sauti ya chini. Hakuna maiki ya simu itakayoyaweza hayo. Simu hupunguza sauti yenyewe kengele inapolia, na inachelewa kuirudisha. Maneno matatu ya mantra yanapotea kila mara. Mtazamaji husikia sauti inapumua.

Pata mikisa ndogo ya njia nne na maiki tatu. Ya kwanza ni ndogo ya kubana kwa Maharaj. Mara nyingi kifua chake kiko wazi, na uzi mtakatifu umevuka bega. Usibane maiki kwenye uzi huo hata kwa bahati mbaya. Bana kwenye ukingo wa shali, na mwache aivae mwenyewe. Ya pili ni ya mwimbaji wa bhajani. Ya tatu itundike mita 3 nyuma, ya ukumbi na kengele. Uimbaji uchezee karibu na -12 dB, kengele isipande kupita -4. Jaribu kwa kulipuliza kombe lenyewe, kwani mtu akipiga makofi hujajua lolote.

Pangaboi lililo juu ya madhabahu lizimwe wakati wa aarti. Linavuma kwenye maiki na linazima tambi. Wenyewe hulizima kwa sababu ya tambi. Wewe kumbusha tu.

Ikiwa familia iko ng'ambo na inataka kutajwa katika sankalpa (tamko la nia ya ibada), kwa jina, ukoo na mahali, usiwategemeze kwenye matangazo ya mubashara. Yanachelewa kati ya sekunde 10 na 30, na Maharaj atakuwa ameshafika mbele. Wapigie kwa simu nyingine ya video, iwekwe kando yake, asikilize kwa kidude cha sikioni ili spika zisilie mluzi.

Mtandao na stima

Picha ya 720p inataka kasi ya kutuma Mbps 3. Laini yako ipime Mbps 6 kwenda juu ndipo uwe salama. Kwa Mbps 3 unatumia GB 1.35 kila saa. Garba, ngoma ya Navaratri, ikichezwa kwa muda wa saa nne ni GB 5.4, basi nunua bando la GB 8. Pima kasi siku moja kabla, saa ile ile ya jioni, kwani mnara unaokupa Mbps 20 saa nne asubuhi huwa hoi saa mbili usiku mji mzima ukiwa mtandaoni. Katika nyumba za zamani zenye kuta nene za mawe ya matumbawe, Lamu hasa, weka simu ya intaneti dirishani na uivute kwa waya.

Akaunti mpya ya YouTube huchukua hadi saa 24 kufunguliwa huduma ya mubashara, na kutoka kwenye simu moja kwa moja inadai wafuatiliaji 50. Ukipitia laptopu na programu ya OBS, sharti hilo la 50 halikuhusu. Anza hayo wiki nzima kabla. Kila Diwali kuna kamati inayoyagundua saa kumi na moja jioni.

Stima ikikatika, laptopu na simu zina betri zao. Kinachokufa ni ruta na mikisa. UPS (kifaa cha umeme wa akiba) ya VA 650 yenye betri nzima, ikibeba hivyo viwili tu, huvumilia zaidi ya nusu saa. Usiichomekee taa wala spika. Jenereta iwekwe nje upande wa chini ya upepo, na mtu wa kuiwasha ajulikane kwa jina.

Muziki, matangazo, maoni

Bhajani iliyorekodiwa ikichezwa kwenye spika, mashine za YouTube na Facebook huitambua, na matangazo yako huzimwa sauti au kukatwa katikati. Haijalishi kwamba wimbo ni wa ibada wala kwamba maneno yake ni ya karne zilizopita. Sauti ile ina mwenyewe. Waimbe watu wenyewe. Wakiimba vibaya, heri vibaya. Kwa garba, mlipe mpiga dholi na mwimbaji badala ya kutegemea kumbukumbu ya simu, au muziki wa spika uache ukumbini na matangazo uyafunge baada ya aarti.

Zima matangazo ya biashara kwenye chaneli. Hakuna kinachoudhi kama tangazo la bia au la kubeti kuingia katikati ya wimbo wa "Jai Ambe". Maoni yafunge, au mpe mtu mmoja kazi ya kuyasimamia. Katika mji wenye dini nyingi daima kuna mmoja wa kuandika upuuzi juu ya sanamu, na jibu lake huwa refu kuliko aarti. Namba ya sadaka ya M-Pesa ionyeshwe baada ya aarti, isomwe mara mbili na mweka hazina, kisha iondolewe. Picha za skrini zenye namba iliyobadilishwa husambaa haraka.

Garba ni ngoma ya duara kuzunguka taa au picha ya Mata, mikesha tisa, na wengi wa wachezaji ni akina mama na watoto. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa. Weka bango mlangoni, na tenga upande mmoja wa ukumbi ambao kamera haifiki. Upige kutoka juu, pembe pana, duara lionekane likizunguka taa. Usifuate viuno.

Diwali ina jambo jingine dogo. Wafanyabiashara wa Kigujarati huweka vitabu vya hesabu mbele ya Lakshmi vibarikiwe, na siku hizi palipokuwa na daftari jekundu pana laptopu. Inatiwa alama kwa unga mwekundu wa kumkum, inamwagiwa punje za mchele. Ifunge kabisa, izibe matundu ya kando kwa karatasi, na uweke karatasi nyingine juu ya kifuniko ambayo ndiyo itakayopakwa. Unga wa kumkum ukiingia chini ya vibonye hautoki, na punje moja ya mchele kwenye tundu la chaji ni safari ya kwa fundi.

Kupokea badala ya kurusha

Ukumbi ukitazama ibada kutoka India, kama ile ya kuitia uhai murti ya Rama huko Ayodhya tarehe 22 Januari 2024 iliyofikia kilele chake karibu saa nne asubuhi zetu, skrini ipewe heshima ya madhabahu. Iwe juu, macho ya murti yakilingana na ya mtu aliyesimama, isiegemezwe ukutani karibu na viatu. Mbele yake acha nafasi ya meza ya taa na maua, lakini mwale uwe mita moja kutoka kwenye kioo.

Ufukweni

Kama jumuiya imeamua kumzamisha Ganesha baharini, uliza maji kwanza. Ganesh Chaturthi, sikukuu yake, huanza siku ya nne ya mwezi mwandamo, na siku kubwa ya kuzamisha ni ya kumi na nne, mwezi ukikaribia mpevu. Mvuvi yeyote wa Malindi anajua maana yake: bamvua. Maji hujaa alasiri kati ya saa tisa na saa kumi na moja, kisha hutoka hadi usiku. Wanaofika magharibi kwa sababu picha itapendeza huzamisha kwenye maji yanayokimbia. Kesho saa nne asubuhi pwani ni kavu, na murti ya plasta imelala mchangani bila mkono. Picha hiyo ndiyo itakayozunguka WhatsApp. Zamisha maji yakijaa, na murti iwe ya udongo usiochomwa, ambao huyeyuka. Upepo wa kusi bado unavuma miezi hiyo, kwa hiyo maiki ivishwe manyoya. Droni bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga ni kosa, na uwanja wa ndege wa Malindi uko karibu mno na mji kwa mchezo huo.

Aarti ikiisha

Usizime. Watu wa ukumbini wanapitisha viganja juu ya taa na kujigusa macho. Wa mbali wanafanya hivyo hivyo mbele ya kioo, na wanasubiri. Iache kamera ya kwanza juu ya murti, bila maandishi, mpaka pazia lifungwe. Hesabu kumi ndipo ukate.

Utaletewa prasadi. Pokea kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa chini yake, na usiiweke sakafuni kando ya waya ili ukunje stendi. Kula kwanza.

Usiku huo huo kata sekunde 90 za aarti, uso na miguu vikiwa kamili, kwa 480p, uwatumie akina Ba ambao YouTube hawaifungui. Toleo zima litume kwenye WhatsApp kama faili, siyo kama video, lisibanwe. Nafasi ya faili ni hadi GB 2. Kisha pangusa stendi kwa kitambaa chenye maji baridi. Chumvi na samli vikikutana kwenye skrubu, Navaratri ijayo hazifunguki.